Tangawizi kwenye ndoo ya rangi

Hii stori ilianzia kwenye uvivu, si mapenzi ya bustani, nisije nikajifanya hapa. Mwezi wa kwanza nilinunua tangawizi ya mia tano genge la pale chini, nusu nikaitia kwenye chai, nusu nikaitupia juu ya friji nyuma ya kikapu cha vitunguu nikaisahau kabisa. Nimekuja kuikuta kama wiki tatu baadaye natafuta kiberiti umeme umekatika, imesinyaa imekuwa kama kidole cha bibi, ila pembeni imetoa kijipembe cha kijani chenye ncha, na pale kinapoanzia kana wekundu fulani hivi kama ufizi wa mtoto. Nikabaki nimeishika tu. Haijapewa maji, haijapewa udongo, imekaa juu ya friji na vumbi na joto la Dar na bado inataka kuishi. Mi nikashindwa kuipondaponda kwenye chai, ndo hivyo.

Naishi ghorofa ya tatu, Sinza, chumba na sebule na kibaraza ambacho nikishaanika nguo mtu wa pili hapiti. Maua nayapenda ila maua hayanipendi. Yale ya wauza maua wa barabarani nimeshanunua mara tatu, yakifika kwangu yanakaa mwezi yanaanza kuinamisha kichwa kama wafiwa, na hela yenyewe si ndogo. Kwa hiyo nikasema ngoja nijaribu na kitu cha mia tano, kikifa kimekufa, msiba wa mia tano hauna matanga.

Sasa hapo hapo ndo nikafanya ujuaji. Badala ya kupanda kile kipande kilichojichipukia chenyewe nikawaza, kama napanda si nipande mbegu ya maana, nikaenda supamaketi moja nikachukua tangawizi zile nene, zimeoshwa zinang'aa, zimelazwa kwenye kisahani zimefungwa na nailoni juu, zimetoka kwenye friji zina ubaridi, bei yake sisemi mama anaweza akasoma. Nikanunua na chungu cha udongo kizuri kabisa. Nikazifukia nikamwagilia asubuhi na jioni kama mgonjwa wa dozi. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu nikaanza kuchungulia na kijiti, ya tano nikafukua nikakuta uji. Yaani uji kabisa, ukibonyeza unatoa maji na harufu ya kitu kilichosahauliwa kwenye ndoo ya nguo. Na kile cha juu ya friji nilikuwa nimekichomeka kwenye kopo la siagi kwa kukihurumia tu, sijakijali, maji nakumbuka nikikumbuka, chenyewe kimesimama na majani mawili marefu kinaniangalia.

Nikampigia mama video kumwonyesha. Mama yangu ni mtu wa Same, kule milimani upande wa Mamba Myamba, na kama hujui kule tangawizi ndo mshahara, watoto tumesomeshwa na tangawizi, wanalima kwa matuta wanamwagilia kwa mifereji inayotoka kwenye ndiva, yale mabwawa ya zamani ya Wapare. Mi mwenyewe nikiwa mdogo nimebeba tangawizi kichwani hadi shingo ikaingia ndani. Sasa mtoto huyo huyo leo yuko Dar anamwonyesha mama yake mche mmoja wa tangawizi kwenye kopo la siagi, tena kwa furaha. Mama alicheka mpaka akaweka simu chini, nikabaki naangalia dari ya kwetu, namsikia tu anamwita shangazi "njoo umwone mkulima wa Dar."

Alivyorudi kwenye simu akaniuliza swali moja tu, "Macho yalikuwa yanaangalia wapi?" Nikasema macho gani mama. Akasema ee Mungu wangu.

Kumbe tangawizi ina macho. Nimekula tangawizi miaka yote hiyo sijawahi kuiangalia usoni. Chukua ya kwako hapo jikoni uigeuze geuze kwenye mwanga, utaona kwenye ncha za vidole vyake na pembeni kuna vivimbe vidogo, vingine vimechongoka, rangi yake iko tofauti na ganda, kama njano ya kupauka hivi. Hayo ndo macho, chipukizi linatokea hapo na si kwingine. Na zile pete pete zinazozunguka ganda ni makovu ya magamba, kwa sababu ile tunayoiita mzizi wala si mzizi, ni shina, shina limeamua kulala chini ya udongo na kutembea kwa ubavu. Mizizi yenyewe ni ile mingine inayotoka kwa chini, ukinunua sokoni huwa washaikata. Hata mbegu haina ya kueleweka, maua yake ni ya nadra na karibu hayazai mbegu kabisa, kwa hiyo tangawizi unayokunywa leo ni kipande cha kipande cha kipande cha tangawizi ya mtu mwingine, inakatwa inapandwa inakatwa inapandwa miaka na miaka.

Za supamaketi kwa nini zilioza? Kuna mambo kadhaa na mengine ni makosa yangu, nisiwasingizie wenye duka. Kwanza tangawizi ni mtu wa joto, ikikaa kwenye ubaridi chini ya nyuzi 12 hivi muda mrefu inaumia ndani hata kama nje inang'aa. Pili, baadhi ya zile zinazosafirishwa mbali huwa zinawekewa dawa ya kuzuia zisichipue njiani, ndo maana watu wanashauri uiloweke usiku mzima kwenye maji kabla ya kupanda. Tatu kile chungu kizuri hakikuwa na tundu chini. Hapo naomba msinicheke, nilijua ni kizuri kwa sababu hakichafui kibaraza.

Maelekezo ya mama nayaweka kama alivyosema, maana ndo yaliyofanya kazi. Tafuta tangawizi ambayo imeshaanza kuvimba macho, nenda genge au sokoni umwombe muuzaji uchague mwenyewe, usichukue iliyokauka ikawa nyepesi mkononi. Kata vipande, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu. Usipande siku hiyo hiyo, iache kivulini siku moja mbili kidonda kikauke, yeye huwa anapaka na majivu. Ukipanda macho yaangalie juu, kilaze, udongo wa juu usizidi vidole viwili vitatu. Alafu maji kidogo, "si kila ukipita unamwaga, hujalima mpunga." Ikishatoa majani ndo unaongeza. Na usifukue kuangalia. Hili la kufukua alilirudia mara tatu, ananijua mwanae.

Chombo nilichotumia ni ndoo ya rangi ya lita kumi, ile wakimaliza kupaka nyumba mafundi wanaziacha, nikaisugua, nikapasha msumari kwenye jiko la gesi nikatoboa matundu manane chini, moshi wake usiuvute fungua dirisha. Ndoo ni nzuri kwa sababu ni pana, tangawizi haiendi chini inaenda pembeni, ukiipa kopo refu jembamba unaitesa. Udongo nilinunua kiroba kwa wauza maua, nikauona mzito ukilowa unashikana kama wa tofali, basi nikamfuata kijana wa madafu pale kona nikamwomba makumbi, akanishangaa, akanipa bure mfuko mzima maana kwake ni takataka. Nikayachambua nyuzi kwa mkono siku ya Jumapili nzima nikichanganya na ule udongo na samadi iliyokauka vizuri, nyuzi za makumbi zinashika unyevu ila hazituamishi maji. Vidole viliniuma siku mbili. Ila ule udongo ulivyotoka, mweusi umechambuka, ukiushika hauachi tope mkononi, jamani mi nilipiga picha ya udongo nikaiweka status.

Nilipanda vipande vinne mwezi wa tatu mvua zinaanza. Wa kwanza ulitoka siku ya 19, wa mwisho ulikaa karibu wiki saba nikawa nishaufuta kwenye hesabu. Unavyotoka unakuwa kama mwiba wa kijani umejikunja wenyewe, siku mbili tatu hauna habari, alafu asubuhi moja unakuta umefunguka jani, jembamba refu, linakaa upande huu na linalofuata upande ule, kushoto kulia kushoto kulia mpaka juu kama ngazi. Saa hizi miche imefika kiunoni kwangu na iko kumi na kitu maana kila mmoja unazaa wengine pembeni. Ukipitisha mkono kwenye majani yananukia, si kama tangawizi yenyewe, ni nyepesi zaidi, kama tangawizi imepita hapo jana. Mtoto wa jirani wa chini, ana miaka mitano, alikata kipande cha jani akanusa akasema "anti, hii inanuka chai ya asubuhi." Wageni wakija wananiuliza hili ua linaitwaje. Nikiwaambia tangawizi hawaamini, mmoja alinibishia kabisa eti tangawizi si ile ya ardhini, sasa wewe ulidhani juu kuna nini?

Matatizo yapo. Jua la mchana la huku kwetu hailitaki, ncha za majani zinaungua zinakuwa kahawia, nikaisogeza inapata jua la asubuhi tu mpaka saa nne hivi baada ya hapo kivuli cha ukuta. Lakini ncha zikaendelea kuungua, nikahangaika, nikaja kugundua ni maji. Maji ya bomba kwetu yanatoka yakijisikia, mengi tunayotumia ni ya kisima na yana chumvi, sabuni yenyewe haitoi povu, sasa unaupa mmea chumvi kila siku unategemea nini. Siku hizi naipa maji ya kuoshea mchele na mvua ikinyesha nakinga beseni kibarazani, ncha mpya hazijaungua tena.

Na hili la maji naomba mlisikilize, hasa mnaoishi Dar. Kabla sijaielewa tangawizi niliingia kichaa cha glasi, kila kitu cha jikoni nakiweka kwenye glasi ya maji dirishani kitoe mizizi, mchaichai, vitunguu majani, kiazi, mbegu za parachichi, dirisha likawa kama maabara ya shule. Siku moja nachungulia glasi ya mchaichai nikaona vitu vinacheza cheza ndani, vinajikunja kama mkato. Viluilui vya mbu. Na mbu wa dengue ndo huyo huyo wa maji masafi ya nyumbani, hahitaji mtaro, glasi inamtosha, kutoka yai hadi kuruka ni kama wiki moja hadi siku kumi tu kwenye joto letu. Tuliouona mlipuko wa 2014 na ule wa 2019 tunajua ile homa, unasikia mifupa kama imepigwa na mchi. Kwa hiyo sheria ya kwangu, glasi inamwagwa na kuoshwa kila baada ya siku mbili, na kisahani cha chini ya ndoo hakilali na maji. Nikisafiri glasi zote zinamwagwa, kiazi kife tu.

Kwa kuwa nimeshataja hivyo vingine niviseme haraka haraka. Vitunguu majani ndo vya mvivu kuliko vyote, ukikata majani acha vile vichwa vyeupe na mizizi yake, tumbukiza kwenye glasi, siku nne umeanza kuvuna tena, ila baada ya mara tatu vinakuwa vyembamba havina ladha vitupe. Mchaichai chagua shina ambalo kitako chake hakijakatwa sana, wiki mbili una mizizi. Nanasi nilipata kile kichwa kwenye nanasi la Kiwangwa, unakisokota kinang'oka, unavua majani ya chini, unakiacha kikauke siku mbili tatu ndo unakichomeka, kinapendeza kwelikweli ila kina miiba na kinataka mwaka na nusu hadi miwili na zaidi ndo kifikirie kuzaa, mi simsubiri mtu hivyo.

Kiazi kitamu ndo kilichonishangaza. Nilikiweka nusu kwenye maji nusu nje, mwezi mmoja kamba zikapanda nondo za dirisha zikafika juu, majani yana umbo la moyo, mazuri kuliko haya mapazia yangu. Alafu dada yangu akaja kunitembelea akaangalia akasema hivi wewe si una matembele hapa? Na kweli, mi nimekaa nayapiga picha kumbe ni mboga. Tuliyachuma yakajaa sufuria, yakipikwa yakabaki vijiko vitatu kama kawaida ya matembele, tukala na ugali. Kwa hiyo kama unataka kitu cha kupendeza na kula kwa pamoja anza na kiazi, baada ya maji kihamishie kwenye udongo.

Parachichi sasa. Watu wengi wanapanda mbegu wakidhani baada ya miaka mitatu watauza Hass, ile aina maarufu ya parachichi. Mbegu inaota vizuri tu, vijiti vitatu vya meno, kitako kiguse maji, inakaa mwezi hadi miezi miwili inapasuka katikati. Lakini mche wa mbegu haufuati mama yake, na kuzaa kunaweza kuchukua miaka mitano, kumi, au usizae. Hass wenyewe ulikuwa bahati nasibu, mgawa barua mmoja wa California, Rudolph Hass, alipanda mbegu kwenye miaka ya 1920, akajaribu kuubebesha kikonyo, yaani kijiti cha kuunganishia, cha aina nyingine mti ukakataa, akauacha, ukaja kuzaa yale matunda ya ganda gumu, akauandikisha 1935. Hass zote unazoziona leo hadi za Njombe na Rungwe ni vikonyo vya mti ule mmoja. Mti mama umekufa 2002. Kwa hiyo huo wa kwako dirishani ni parachichi jipya kabisa ambalo halijawahi kuwepo duniani, linaweza kuwa tamu linaweza kuwa maji matupu, na kwa ghorofa ya tatu hutajua kamwe. Wa kwangu una majani kumi na moja, nimeukata kichwa ili utoe matawi.

Tangawizi ya supamaketi nimekuja kuirudia mara ya pili, kwa ubishi. Nikaloweka usiku mzima, nikaiacha kwenye sahani juu ya friji pale pale mwenzake alipoota, wiki tano. Moja kati ya tatu ilitoa jicho. Kwa hiyo si kwamba haiwezekani ila mi kwa nini nihangaike wakati genge lipo ngazi tatu chini.

Sasa tumefika Novemba na majani yameanza kuwa ya njano kuanzia chini. Mara ya kwanza nilipaniki nikajua zimekufa kama mengine, mama akasema hapana, hiyo ni miezi minane sasa, inajiandaa, majani yakikauka yakalala ndo imekomaa, punguza maji. Akasema pia ningeweza kuwa nakula tangu zamani, unafukua pembeni kidogo kwa mkono, unakata kidole kimoja, unafukia, yenyewe haijali inaendelea. Kila akipiga simu siku hizi hanisalimii vizuri anauliza "umeshachimba?" Kwake tangawizi iliyokomaa na haijachimbwa ni hela imelala. Nilimpigia hesabu, kwenye ndoo ile nikibahatika nitatoa kilo moja, toa kiroba cha udongo, toa samadi, toa Jumapili yangu na makumbi, akasema basi umepata hasara, nikasema ndiyo mama nimepata hasara.

Nimefukua pembeni kidogo kuangalia, nakiri. Iko pale, imejibana ubavuni mwa ndoo mpaka plastiki imevimba kidogo, ganda jipya jeupe jeupe halijakauka, na kwenye ncha macho mapya yameshaanza kuchongoka. Nikarudisha udongo.

Juzi jioni nikashuka genge kununua tangawizi ya chai. Mama wa genge akaniangalia, huyu nilishamwonyesha picha zote mpaka amezichoka, akaniuliza na ile ya kwako je? Nikamwambia ile ni ua. Akanifungia ya mia tano, akaongeza na kipande cha juu, kina jicho.